Tofali gani kwa jiko la zamani la kuni? Ulinganisho kwa wenye nyumba za Moshi na Arusha

Tofali la ukuta wa nyuma lilitoka mkononi mwangu vipande vitatu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jiko la bibi, kule Kibosho juu, mwezi wa Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, na kilichonipeleka pale kilikuwa kuchota majivu tu. Upande uliokuwa ukiangalia moto ulikuwa umelainika; ukipitisha ukucha, unga unadondoka. Nyuma ya pengo nikaona chuma cha jiko chenyewe, kimepauka na kuanza kubetuka kwa nje. "Mjukuu wangu, hilo jiko usilichezee," bibi alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Nisipowasha asubuhi hatunywi chai."

Ni jiko la chuma kizito cha kumimina, lenye mlango mdogo wa kutilia kuni, sehemu mbili za sufuria juu na oveni ubavuni. Babu alilipata kwenye nyumba ya shamba la kahawa wenyewe walipohama. Majiko ya namna hii nimeyaona Machame, Marangu na Old Moshi, na upande wa Arusha nimeyakuta Usa River, Tengeru na Ngaramtoni, kwenye nyumba za zamani za mashamba na za misheni. Mengi bado yanapika. Yanayokufa hufa kwa sababu moja: matofali ya ndani yameisha na hakuna aliyeyabadilisha.

Nilidhani nitashuka Moshi mjini asubuhi na kurudi mchana na matofali. Ilinichukua wiki nyingi na safari mbili za Arusha, kwa sababu kila niliyemwambia "tofali la moto" alikuwa na kitu kingine kichwani. Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu atakayepiga magoti mbele ya jiko kama hilo mwaka huu.

Tofali linafanya nini mle ndani

Kazi yake ya kwanza ni kukinga chuma. Chuma kinachopigwa na moto moja kwa moja kila siku hubetuka, na kile cha kumimina kikipasuka hakiungwi kirahisi kwa kuchomelea. Kazi ya pili haijulikani sana, nayo ndiyo inayoamua uchague tofali gani: tofali hurudisha joto motoni. Kuni zikipata joto hutoa gesi, na gesi hiyo inahitaji kama nyuzijoto 600 za Selsiasi ili nayo iwake. Chumba cha moto kikiwa baridi kwa sababu chuma kinanyonya joto lote, gesi hupanda na bomba ikiwa moshi, na ndani ya bomba hugandia kama lami nyeusi. Lami hiyo ikirundikana inaweza kushika moto bombani. Kwa hiyo mtu anayetoa matofali yaliyovunjika na kuendelea kupika bila chochote anaua jiko na anajaza bomba kwa wakati mmoja.

Lakini usikimbilie kubadilisha. Ufa mwembamba kama unywele si ugonjwa. Karibu kila tofali la moto linalofanya kazi hupata ufa, na likiwa limebanwa vizuri na wenzake linaendelea miaka. Kipimo changu ni penseli. Ikiingia kwenye ufa, au kipande kimeondoka chuma kikaonekana, au uso unaporomoka ukiugusa, hapo badilisha. Kati ya matofali 11 ya jiko la bibi, matano yalihitaji kutoka. Sita yaliyobaki yana nyufa na nimeyaacha yalivyo.

Jambo jingine kabla hujatoka nyumbani: beba tofali zima la zamani uende nalo dukani. La bibi lilikuwa inchi 9 kwa 4½ kwa unene wa inchi 1¼, yaani milimita 229 kwa 114 kwa 32. Huo ni unene wa nusu. Tofali la moto la kawaida ni la inchi 2½, na ndilo utakaloonyeshwa karibu kila mahali. Nitalirudia hili, maana ndilo lililonisumbua kuliko yote.

La kuchoma na la moto si kitu kimoja

Hapa ndipo wengi tunapoingia mkenge, na mimi niliingia. Kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi nilisema "tofali la moto", kijana akaniletea matofali mekundu ya kuchoma, mazuri, yamenyooka. Nikamuuliza kama yanafaa ndani ya jiko. Akajibu kwamba si yametoka kwenye moto, yataogopaje moto? Jibu lilikuwa tamu nikalikubali. Niliyapasua kwa tindo nikayapanga. Wiki ya tano uso wake ukaanza kubanduka kwa maganda, kama rangi inayotoka kwenye ukuta wenye unyevu, na moja likapasuka katikati kabisa.

Sababu yake iko kwenye udongo na kwenye tanuru. Tofali la kuchoma ni udongo wa kawaida wenye mchanga mwingi, uliochomwa katika tanuru za kienyeji kwa kuni au pumba za mpunga. Joto la tanuru hizo halilingani; tofali la katikati limeiva, la pembeni limebabuka tu. Kisha kuna ule mchanga. Chembe zake nyingi ni madini ya kwazi (quartz), na kwazi ikifika nyuzijoto 573 hutanuka ghafla, ikipoa hunywea ghafla. Ukutani haina neno, kwa sababu ukuta haufiki huko. Ndani ya jiko la kuni tofali linavuka mpaka huo likienda na kurudi kila siku, asubuhi na jioni, mpaka linaachana lenyewe.

Tofali la moto limetengenezwa kwa udongo mwingine, wenye alumina nyingi (oksidi ya aluminiamu, inayohimili moto), kwa kawaida kati ya asilimia 25 na 45. Udongo huo huchanganywa na chengachenga za tofali lililokwisha kuchomwa na kusagwa, kisha huchomwa kwa joto la juu kuliko lile jiko lako litakalowahi kufika. Kunywea kote kumekwisha kiwandani. Hii mbinu ya chengachenga si ngeni kwetu: wafinyanzi wengi husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika wakavikandia kwenye udongo mpya, ili chungu kisipasuke kikipata moto. Sababu ni ile ile.

Namna ya kuyatofautisha dukani. Rangi peke yake haitoshi, ingawa la moto mara nyingi ni la krimu au manjano iliyofifia, lenye madoa madogo ya kahawia. Angalia mahali palipokatika: la moto utaona chembe kubwa kubwa za rangi tofauti zimeshikamana, la kuchoma ni jekundu sawasawa. Shika mawili uyagonganishe. La moto lililo zima hulia kama chuma, la kuchoma lisiloiva hutoa sauti nzito iliyokufa. Na uliza maandishi. Matofali ya kiwandani huwa na alama iliyogandamizwa ubavuni.

Sisemi tofali la kuchoma halina nafasi. Kwa kuta za nje zinazozunguka jiko, kwa sakafu ya mbele linapodondokea kaa, kwa kujengea bomba sehemu ya juu ambako joto limeshapungua, ni zuri na bei yake ni rahisi kabisa. Ndani ya chumba cha moto, hapana.

Mawe nayo yametajwa na watu zaidi ya watatu. Mtu anaona mawe yamejaa Mto Karanga, yanatoka mlimani, mlima wenyewe ulikuwa moto, basi yatafaa. Jiwe lililolala mtoni limenywa maji kwenye vitundu vyake. Likipata moto wa ghafla, maji yanakuwa mvuke na jiwe linaweza kupasuka kwa kishindo. Jikoni kwenye watoto sitaki kulisikia.

Zito au jepesi

Arusha, upande wa Unga Limited, nilimkuta mzee anayeuza vifaa vya matanuru ya mikate. Nilimwamkia, nikamwonyesha kipande changu. Hakusema neno, alinipa tofali moja mkono wa kulia na jingine mkono wa kushoto. La kulia liliuvuta mkono chini. La kushoto nusura nilirushe juu, maana nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Ukubwa mmoja, rangi karibu moja. Zito lilikuwa kama kilo tatu na nusu, jepesi halifiki kilo moja.

"Hili jepesi linahimili nyuzi ngapi?" nikamuuliza.

"Usiulize nyuzi, kijana wangu," alisema. "Uliza unalipiga na nini."

Maneno hayo yalinisaidia kuliko karatasi zote nilizosoma. Tofali jepesi lile limejaa vitundu vidogo vya hewa. Wanaolitengeneza hulipa majina kama K-23, maana yake linahimili nyuzi 2,300 za Farenhaiti, ambazo ni 1,260 za Selsiasi. Zito nalo linahimili zaidi ya hapo. Moto wa kuni ndani ya jiko la nyumbani ni nadra kupita nyuzi 1,000 pale unapogusa matofali. Basi kwa upande wa joto yote mawili yamefaulu, na kuyalinganisha kwa nyuzi ni kupoteza muda. Yanatofautiana mahali pengine.

Jepesi huzuia joto kwelikweli. Joto linalopita ndani yake ni kama sehemu moja ya tano au ya sita ya lile linalopita kwenye zito. Ukilipanga kwenye kuta, chumba cha moto kinapata joto haraka, moshi unapungua mapema, na joto linaelekezwa juu kwenye sufuria badala ya kupotelea ubavuni. Kwa jiko la kupikia hiyo ni faida kubwa. Tena linakatika kwa msumeno wa mkono, na kwa msasa unalipunguza hadi likae sawasawa. Ukiwa huna mashine, hili ni jambo la kulipima vizuri.

Ubaya wake ni mmoja, na ni mzito. Msumari unalichora kama unavyochora sabuni. Gogo la mgrivelia likirushwa ndani linaacha shimo. Chuma cha kuchokonolea moto, koleo la majivu, kuni ndefu inayosukumwa kidogo kidogo kama bibi anavyofanya, vyote vinalila. Sakafuni halidumu. Kwa jiko la bibi hata ukuta wa nyuma halifai, kwa sababu kuni zinaingia kwa mbele na ncha zake zinagonga pale pale nyuma siku nzima. Ndiyo maana tofali lililokufa kwanza lilikuwa la nyuma.

Zito ni kinyume chake. Linavumilia kipigo, linasuguliwa kwa koleo na halisemi kitu. Linachelewa kupata joto. Utasubiri kama nusu saa kabla jiko halijatulia. Wanaolisifu husema linatunza joto usiku kucha. Hapa niseme wazi, kwa sababu nilipiga hesabu. Matofali 11 ya unene wa nusu yana uzito wa kama kilo 19. Yakipata joto la nyuzi 400 zaidi ya chumba, joto lililomo ndani yake ni sawa na la nusu kilo hivi ya kuni kavu. Si kidogo, chai ya asubuhi itakuta maji ya uvuguvugu, lakini nusu kilo ya kuni haipashi nyumba mpaka alfajiri. Usinunue zito kwa ahadi hiyo. Linunue kwa sababu ya ugumu wake.

Uamuzi wangu kati ya haya mawili: sakafu na kila mahali kuni zinapogonga, zito bila mjadala. Kuta za pembeni sehemu ya juu, ambako kuni hazifiki, jepesi linaruhusiwa na pengine ni bora.

Kuna na aina ya tatu, mbao za vemikulaiti, yaani vibao vya madini mepesi vilivyogandamizwa, si vya mti, ambazo ndizo zimejaa kwenye majiko mapya yanayotoka Ulaya. Ni za rangi ya hudhurungi inayong'aa kidogo, zinakatwa kwa msumeno wa mbao, zinazuia joto vizuri, na zinavunjika gogo likizigonga. Kama jiko lako lilikuja nazo, rudishia hizo hizo, kwa unene ule ule. Kwa jiko la zamani lililoundwa kwa tofali zito sioni sababu ya kuhangaika kuziagiza, isipokuwa lile bamba la juu linaloning'inia na kurudisha moto kabla haujaingia bombani. Pale wepesi ni sifa.

Asilimia za alumina

Muuzaji akikuona umevaa vizuri anaweza kukusogezea matofali ya alumina asilimia 60 au 70, yale ya kuyeyushia chuma. Acha. Joto lile huna, na bei ni ya juu sana. Kwenye matofali yanayotoka India utaona mara nyingi IS 6 au IS 8. Ya kwanza ina alumina kuanzia asilimia 30, ya pili kuanzia 40. Yanayofuata alama za Asia ya mashariki huandikwa SK 32 au SK 34. Yoyote kati ya hayo yanamtosha bibi na wajukuu zake.

Kukata au kumimina

Sasa ule unene. Baada ya kujua ninachotaka, nilikuta kwamba tofali zito la unene wa inchi 2½ linapatikana Arusha, na lisipokuwepo huletwa kutoka Nairobi kupitia Namanga. Lile jembamba la inchi 1¼ sikulipata popote. Na usije ukashawishika kuweka la inchi 2½ kama lilivyo. Litakula nafasi ya moto, litaziba matundu ya hewa yaliyo kwenye kuta, mlango hautafunga. Aliyelisanifu jiko alipima hewa na nafasi kwa pamoja. Ukibadilisha unene umebadilisha jiko.

Kwa hiyo njia ni mbili: kukata la inchi 2½ katikati kwa unene, au kumimina mwenyewe kwa saruji ya kuhimili moto.

Kukata kunasikika rahisi mpaka ushike grenda. Disiki ndogo ya inchi 4½ inazama kama sentimita tatu tu, na tofali lina upana wa sentimita 11 na zaidi. Ukikata kutoka pande zote mbili bado katikati hapajafikiwa. Inatakiwa grenda kubwa ya inchi 9 yenye disiki ya almasi, na mkono usiotetemeka. Nilijaribu moja, likatoka upande mmoja mnene mwingine mwembamba. Ndipo fundi wa marumaru, Moshi mjini, akaniambia nimpelekee. Wale wanaokata marumaru na graniti za makabati ya jikoni wana mashine ya meza inayokata huku maji yakimwagika. Alikata matofali matatu kwa muda wa kunywa soda, nikaondoka na vipande sita vyenye unene wa milimita 30 na kidogo, kwa kuwa disiki nayo inakula milimita zake. Upungufu huo haudhuru. Tangu siku hiyo sioni kwa nini mtu wa mjini ahangaike na grenda.

Na maji yale si ya kupoza disiki tu. Vumbi la matofali haya lina silika, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Mkoa jirani, Mirerani, kuna wanaume waliochimba tanzanaiti miaka mingi ambao leo hawapandi ngazi bila kupumzika, kwa sababu ya vumbi la aina hiyo. Tofali mbili tatu si mgodi, najua. Lakini kata kwa maji, nje, na barakoa nzuri, watoto wakiwa mbali.

Kumimina kuna uzuri wake. Kama jiko lako lina umbo la ajabu, ukuta wa mviringo au tofali lenye kona iliyokatwa, hakuna duka litakalokuuzia. Kalibu ya mbao itakupa umbo lolote. Mfuko wa kilo 25 wa saruji ya moto iliyochanganywa tayari unatoa vipande kama 14 vya unene wa nusu, kwa hesabu ya kilo moja na robo tatu kila kimoja. Ukichanganya mwenyewe, ni saruji ya kalsiamu aluminati sehemu moja kwa sehemu tatu za chengachenga za tofali la moto lililosagwa. Narudia, saruji ya aluminati. Saruji ya kawaida ya kujengea, hata iwe nzuri namna gani, huachia maji yake ya ndani ikifika nyuzi kati ya 400 na 500, kisha ikipoa hunyonya unyevu wa hewa, ikavimba na kuwa unga. Nimeona jiko Tengeru lililozibwa kwa saruji ya kawaida na mchanga; mwenye nyumba alikuwa akizoa vipande pamoja na majivu.

Ubaya wa kumimina ni kwamba hauna haraka, na mimi nilikuwa na haraka. Vipande vyangu viwili vya kwanza nilivitoa kwenye kalibu asubuhi, vikakaa juani siku moja, jioni ya pili nikawasha moto wa kweli. Kimoja kilipasuka kwa mlio uliomfanya bibi aite jina langu lote na la babu. Maji yalikuwa bado yamo ndani, yakawa mvuke, hayakuwa na pa kutokea. Vilivyofuata nilivifunika gunia bichi saa 24, kwa kuwa saruji hii hujitia joto yenyewe na ikikauka uso mapema inakosa nguvu. Kisha vikakaa wiki nzima ndani ya nyumba karibu na jiko. Kisha moto wa vijiti siku tatu, kila siku mkubwa kidogo. Hivyo havikupasuka. Usitie nondo wala waya wa kawaida ndani ukidhani unaimarisha. Chuma kinatanuka kuliko saruji na kitaipasua.

Kwa ugumu, kipande kilichokatwa kutoka tofali la kiwandani kinakishinda kile nilichomimina, na kwa umbo la kawaida la mstatili ningekata kila mara. Kumimina ningekuachia kwa ajili ya kona na mviringo.

Matofali yaliyotumika

Tanuri la mikate au boila likibomolewa, matofali huuzwa kwa bei nzuri, na mengi ni mazima. Tofali la moto lililokaa tanuri la mikate miaka 20 limeshajaribiwa. Ya namna hiyo nayanunua bila wasiwasi. Nayasugua, nayakausha, nayagonga kusikia sauti. Lakini uliza yametoka wapi, na mtu akisitasita yaache, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Matofali ya tanuru za saruji na za kuyeyushia madini yanaweza kuwa na kromiamu. Yale ni mazito kupita kiasi, rangi ya kahawia iliyokolea au karibu nyeusi, na yaliyotumika huweza kuwa na chumvi za kromiamu zenye sumu, wakati mwingine zikionekana kama madoa ya njano. Hayaingii kwenye nyumba ya kupikia.

Na hapo hapo, angalia jiko lenyewe. Majiko ya zamani yanaweza kuwa na kamba ya asbesto mlangoni au ubao wake nyuma ya matofali: kitu cha kijivu au cheupe, chenye nyuzinyuzi kama pamba ngumu. Ukikikuta usikikwangue kikiwa kikavu. Kilowanishe, usikivunje, na tafuta anayejua kukiondoa kabla hujaendelea.

Kwa nyumba ipi, lipi

Mama anayepika kila siku kwa kuni za kahawa na mkaratusi, Machame au Marangu: tofali zito la kawaida, limekatwa kwa unene wa asili, jiko zima. Hatakuja kulifikiria tena kwa miaka mingi.

Nyumba ya wageni Usa River yenye jiko la sebuleni linalowashwa jioni za Juni hadi Agosti, na wageni wanaorusha magogo bila kuangalia: zito sakafuni na nyuma, na ubavuni jepesi kama mnataka lishike joto haraka mgeni akiingia na baridi. Kama jiko ni la kisasa lenye vemikulaiti, agizeni mbao za akiba kabla ya msimu.

Aliye Njiro au Shanty Town na jiko la zamani analoliwasha mara mbili kwa mwezi hana haja ya kutumia fedha nyingi. Matofali yaliyotumika ya tanuri la mikate, yakatwe kwa fundi wa marumaru, yanatosha. Hata ya kumimina yatamfaa, mradi asiharakishe.

Asiyepata kitu kabisa na jiko linahitajika kesho, ageuze lile tofali bovu upande wa nyuma uje mbele kama bado linashikika, na aweke moto mdogo. Nimefanya hivyo wiki mbili nikisubiri.

Kuyapanga

Mengi ya matofali haya hayajengewi kwa saruji. Yanasimama yakibanana yenyewe na vile vibanzi vya chuma vya jiko, ili moja likifa litoke peke yake. Anza na sakafu, fuata nyuma, malizia pembeni. Acha nafasi ya milimita mbili tatu hivi upande mmoja kwa ajili ya kutanuka. Majivu yataijaza yenyewe ndani ya siku mbili. Mahali penye pengo kubwa tumia udongo wa moto uliolainishwa kama uji. Kibanzi kilichopinda kinyooshe kwanza, maana tofali linaloegemea vibaya hupasuka hata likiwa jipya. Kisha moto mdogo wa vijiti siku mbili tatu, hata kwa matofali ya kiwandani, kwa sababu ya maji ya kukatia.

Jiko la bibi lina matofali matano mapya sasa, manne ya kukatwa na moja la kona nililomimina. Moshi wa asubuhi bombani umekuwa mwembamba. Siku nyingine nikiwa uani inabidi niangalie mara mbili kujua kama amewasha. Vipande viwili vya kukatwa vilibaki. Nimevifunga kwenye gunia na kuviweka darini juu ya jiko, mahali pasipo na unyevu, na kwenye gunia nimeandika kwa kalamu nene vipimo vyake na jina la mtaa alipo fundi wa marumaru.